Taya la Mtoto na Meno Yasiyokutana: Tulikotoka na Tunayojua Sasa

  Leo tutazungumza juu ya taya la mtoto. Tutaangalia jinsi mifupa ya uso inavyokua, na kwa nini watoto wengine meno yao ya juu na ya chini hayakutani inavyofaa.

Sisi wauguzi huulizwa maswali haya mara kwa mara siku za kupima watoto uzito. Mama mmoja atasema, "Sista, huyu wangu meno ya juu yamejitokeza nje, wenzake shuleni wanamwita sungura." Mwingine atasema, "Wangu taya la chini limetangulia mbele, na mama mkwe anasema hilo limetoka kwetu." Wa tatu atauliza, "Meno yake yamesongamana kama abiria kwenye matatu. Je, nilimlisha vibaya?"

Maswali hayo matatu yanatafuta jambo moja: kosa ni la nani? Watu wamekuwa wakiuliza hivyo kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na majibu ya wataalamu yamebadilika mara nyingi. Leo nitawapitisha katika majibu hayo, ili kila mama na mlezi ajue ni jambo gani liko nje ya uwezo wake, na ni jambo gani anaweza kulishughulikia mapema kabla mfupa haujakomaa.

TUIJUE MIFUPA YENYEWE

Weka kidole chako mbele kidogo ya sikio, kisha fungua mdomo na uufunge. Unahisi kitu kinasogea? Hapo ndipo taya la chini linaposhikana na fuvu, kama mlango kwenye bawaba. Taya la chini ni mfupa mmoja wenye umbo la herufi U, na ndilo linalosogea tunapotafuna na kuongea. Taya la juu halisogei. Limeshikamana na mifupa mingine ya uso. Upande wake wa chini ndio kaakaa, yaani paa la mdomo, na paa hilo hilo ndilo sakafu ya pua. Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Kwa kawaida meno ya juu huyafunika kidogo meno ya chini, kama kifuniko kinavyofunika mdomo wa kopo. Mambo yanaweza kwenda vibaya kwa njia mbili. Pengine mataya yote mawili yamekua sawa, lakini meno yamekosa nafasi, basi yakapandana na kujipinda. Au meno yenyewe hayana neno, lakini mataya hayalingani: moja limerefuka kuliko lingine, au moja ni jembamba mno. Kwa macho tu mama hawezi kuzitofautisha njia hizi mbili. Hata wataalamu ilichukua miaka mingi kabla hawajajua kuzitofautisha.

WAZEE WA ZAMANI WALIONA NINI?

Tuanzie nchi ya Wagiriki, karibu miaka 400 kabla ya Kristo. Katika maandishi yanayohusishwa na tabibu Hippocrates, inaelezwa kwamba kuna watu wenye vichwa virefu ambao kaakaa zao zimeinuka sana. Meno yao yamesongamana, na wao husumbuliwa na kuumwa kichwa na kutoka usaha masikioni. Waganga hao walikuwa wameona kwamba meno, kaakaa na masikio vinahusiana. Sababu yake hawakuijua.

Baadaye, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Mrumi aliyeitwa Celsus aliandika kwamba jino la ukubwani likitokeza kabla lile la utotoni halijang'oka, jino la utotoni liondolewe, na lile jipya lisukumwe kwa kidole kila siku mpaka lifike mahali pake. Kwa hiyo kusogeza meno si jambo lililoanza jana.

Mwaka wa 1728 daktari Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu kikubwa juu ya meno. Alieleza jinsi ya kutumia kipande chembamba cha madini kilichopindwa kufuata mstari wa meno, kisha meno yakafungwa kwacho kwa uzi ili yavutwe polepole. Huyo ndiye babu wa nyaya za meno tunazoziona leo.

Kisha mwaka wa 1771, mpasuaji wa London aliyeitwa John Hunter alitoa kitabu chake kuhusu meno ya binadamu. Alilinganisha mataya ya watu wa umri mbalimbali, akaonyesha kwamba taya la mtoto halipanuki sawasawa kila upande. Sehemu ya mbele iliyobeba meno ya utotoni hubadilika kidogo tu. Urefu mwingi huongezeka upande wa nyuma, ili magego ya ukubwani yapate mahali. Ndiyo maana mtoto ambaye meno yake ya mbele yamebanana hawezi kungojea tu mpaka sehemu hiyo "ipanuke yenyewe".

UKOO WA WAFALME

Sasa tuje kwenye neno la mama mkwe, kwamba taya limetoka upande fulani wa ukoo. Kuna ukoo mmoja wa wafalme wa Ulaya ulioitwa Habsburg, uliotawala Uhispania na Austria. Picha zao zilizochorwa na mafundi wa wakati huo zinaonyesha taya la chini lililotokeza mbele, kizazi baada ya kizazi. Wa mwisho wao kutawala Uhispania, Charles wa Pili, alifariki mwaka wa 1700 akiwa na umri wa miaka 38. Taya lake lilikuwa limetokeza kiasi kwamba kutafuna kulimpa shida. Baba yake alikuwa amemwoa binti wa dada yake mwenyewe, na ndoa za ndugu wa karibu zilikuwa desturi katika ukoo huo.

Mwaka wa 2019 wataalamu wa Uhispania walichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Madaktari 10 wa upasuaji wa uso walitazama picha 66 za watu 15 wa ukoo huo, na matokeo yakalinganishwa na orodha ya vizazi vyao. Walionekana kutokeza taya zaidi wale ambao wazazi wao walikuwa ndugu wa karibu zaidi.

Hivyo mama mkwe hakukosea kabisa. Umbo la mataya hurithiwa, na taya la chini linalotokeza mbele ni moja ya mambo yanayoonekana wazi katika koo. Lakini mtoto hurithi kwa baba na kwa mama pia. Wala usimwone mtoto mwenye taya kama hilo ukadhani wazazi wake ni ndugu, kwani wengi wao si ndugu. Urithi si kosa, na hauna haja ya kutafutiwa mshtakiwa.

MFUPA UNAOWEZA KUSOGEA

Mwaka wa 1860, katika mji wa San Francisco kule Marekani, daktari wa meno Emerson Angell alimtibu msichana wa miaka 14 ambaye taya lake la juu lilikuwa jembamba. Alimwekea chombo chenye skrubu, kilichokaa kaakaani kati ya meno ya kulia na ya kushoto, na skrubu ikawa inazungushwa kidogo kidogo kila siku. Baada ya majuma mawili hivi taya lilikuwa limepanuka, na pengo likatokea katikati ya meno ya mbele.

Wenzake wengi hawakumwamini. Walisema mfupa hauwezi kufunguka hivyo. Ilipita miaka mia moja kabla njia hiyo haijakubaliwa na wengi, baada ya kazi ya daktari mwingine, Andrew Haas, mwaka wa 1961. Angell alikuwa na haki. Kaakaa la mtoto limeungana katikati kwa mshono ambao bado haujafungamana. Mshono huo hukaza kadiri ujana unavyosonga, na baada ya hapo kuupanua kunakuwa kugumu na pengine kunahitaji upasuaji. Waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa wanasema juu ya kaakaa, lakini methali hiyo inafaa hapa.

MWALIMU NA MWANAFUNZI WAKE

Mtu ambaye jina lake hutajwa sana katika fani hii ni Edward Angle, pia wa Marekani. Mwaka wa 1899 aligawanya meno yasiyokutana katika makundi matatu, na mgawanyo huo hutumika hadi leo. Alitazama gego la kwanza la ukubwani, la juu na la chini. Kundi la kwanza, magego yamekutana vizuri lakini meno mengine yamejipinda. Kundi la pili, gego la chini limebaki nyuma, na mara nyingi mtoto huonekana kana kwamba hana kidevu. Kundi la tatu, gego la chini limetangulia mbele, kama tulivyoona kwa wale wafalme.

Angle aliamini kwamba meno yote lazima yabaki kinywani. Alisema ukiyapanga vizuri, mfupa utakua wenyewe na kuyabeba. Wengine walimpinga, na mwaka wa 1911 mabishano yakawa makali. Kisha mmoja wa wanafunzi wake mwenyewe, Charles Tweed wa jimbo la Arizona, aliona kwamba wagonjwa wengi aliowatibu kwa njia ya mwalimu wake meno yao yalitokeza mbele au yalirudi kujipinda. Tweed aliwaita tena, akawang'oa magego madogo manne, akaanza matibabu upya. Kufikia mwaka wa 1940 alikuwa akiwaonyesha wenzake matokeo ya kabla na baada.

Mfupa una mpaka wake. Kwa hiyo, daktari akikuambia kwamba mtoto wako anahitaji kung'olewa meno mazima ili mengine yapate nafasi, usidhani anataka kumharibu. Na akikuambia hahitaji kung'olewa, hilo pia linawezekana. Muulize: "Daktari, shida ya huyu ni nafasi ya meno au ni mataya yenyewe?" Una haki ya kujibiwa kwa lugha unayoielewa.

Jibu la swali hilo lilianza kupatikana kwa uhakika mwaka wa 1931. Mwaka huo Holly Broadbent wa mji wa Cleveland, Marekani, na Herbert Hofrath wa Ujerumani, kila mmoja kwake, walieleza njia ya kupiga eksirei ya kichwa huku kichwa kimeshikwa mahali pamoja. Hivyo picha ya mwaka huu iliweza kulinganishwa na ya mwaka jana. Kazi ya Broadbent ilisaidiwa kwa fedha na mama mmoja wa mji huo, Frances Bolton, pamoja na mwanawe. Kwa mara ya kwanza wataalamu waliona kwa mtoto aliye hai jinsi taya la chini linavyokua kuelekea chini na mbele mwaka hata mwaka, na kwamba huendelea kukua wakati wa kubalehe, kwa wavulana kwa muda mrefu kuliko wasichana.

PUA, MDOMO NA CHAKULA

Je, urithi ndio kila kitu? Hapana. Sasa turudi kwenye lile paa la mdomo ambalo ni sakafu ya pua.

Mwaka wa 1970 mtaalamu wa Uswidi, Sten Linder-Aronson, alilinganisha watoto wenye vinyama vilivyovimba nyuma ya pua na watoto wasio navyo. Wale ambao pua zao zilizibwa walikuwa na tabia ya kupumua kwa mdomo, nyuso zao zilikuwa ndefu zaidi na mataya yao ya juu membamba zaidi. Kisha mwaka wa 1981 Egil Harvold, aliyefanya kazi California, alieleza majaribio yake kwa nyani wadogo. Alizipa pua za wanyama hao vizibo, wakalazimika kupumua kwa mdomo. Walipoendelea kukua, mataya yao na mpangilio wa meno yao ulibadilika, ingawa si wote walibadilika kwa namna moja.

Kwa nini? Mtoto anapofunga mdomo, ulimi wake hukaa juu, umegusa kaakaa, na huisukuma mifupa hiyo kutoka ndani. Anapopumua kwa mdomo, ulimi hushuka, na mashavu hubana kutoka nje bila cha kuyazuia. Mfupa unaokua hufuata nguvu ndogo inayodumu mchana na usiku. Kidole kinachonyonywa kwa miaka mingi hufanya kazi hiyo hiyo: husukuma meno ya juu mbele na kuacha uwazi kati ya meno ya juu na ya chini.

Chakula nacho kimechunguzwa. Robert Corruccini, mtaalamu wa Marekani, aliwaangalia watu wa kijiji kimoja cha Kentucky na kuchapisha matokeo mwaka wa 1981. Wazee waliokulia chakula kigumu cha shambani walikuwa na meno yaliyokutana vizuri kuliko vijana waliokulia chakula laini cha dukani, nao wote walikuwa wa jamii moja. Damu ya watu haiwezi kubadilika katika kizazi kimoja. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya uzito wa jambo hili, lakini wengi hukubali kwamba taya linalotafuna hukua vizuri kuliko taya lisilotafuna.

Na kunyonyesha je? Mwaka wa 2016 jarida la The Lancet lilikusanya matokeo ya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali. Watoto walionyonyeshwa walikuwa na upungufu wa asilimia 68 wa tatizo la meno kutokutana, hasa katika umri wa meno ya utotoni. Mtoto anayenyonya titi hufanyisha kazi misuli ya taya na ulimi. Mama ambaye hakuweza kunyonyesha asijilaumu, kwani hilo ni jambo moja tu kati ya mengi.

HAPA KWETU

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka wa 1974. Mwaka wa 1996 ulichapishwa uchunguzi wa watoto wa Nairobi wenye umri wa miaka 13 hadi 15, na watoto 72 katika kila 100 walikuwa na kasoro fulani ya jinsi meno yanavyokutana. Nyingi ya kasoro hizo ni ndogo na hazihitaji matibabu. Kwa hiyo mtoto wako hayuko peke yake, na asichekwe.

Lakini kuna madhara ambayo hayatokani na urithi wala pua. Yanatokana na mikono yetu. Nazungumzia kung'oa "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, baadhi ya watu humfungua mdomo, wakaona ufizi umevimba mahali pa chonge, wakasema hapo ndipo penye ugonjwa. Ufizi huchimbwa kwa sindano, kisu au spoki ya baiskeli, na kinachotolewa ni kitu cheupe, laini, kama mdudu. Taarifa za kitaalamu juu ya desturi hii katika Afrika Mashariki zipo tangu mwaka wa 1969, kutoka Uganda, na hapa Kenya pia imeonekana.

Mama mpenzi, kile cheupe si mdudu wala plastiki. Ni chonge ya mtoto wako ambayo bado haijakomaa. Karibu nayo, ndani ya mfupa huo huo, ndipo inapojengwa chonge ya ukubwani. Ukichimba moja unaweza kuiharibu ya pili, ikaota imepinda, ikakosa umbo au isiote kabisa, na meno ya jirani yakaegemea pengo. Hayo ni madogo. Makubwa ni kwamba watoto wamevuja damu, wamepata pepopunda na sumu ya damu, na wengine wamekufa. Chombo kichafu kinaweza kupitisha hata virusi vya UKIMWI. Na wakati huo wote ule ugonjwa wa kuharisha haujatibiwa. Anayeharisha anahitaji maji ya ORS, vidonge vya zinki, kuendelea kunyonya, na kuletwa kituo cha afya upesi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Nyonyesha ukiweza. Mtoto akifikisha miezi 6, mwanzishie vyakula vingine, na kadiri meno yanavyotoka mzoeshe kutafuna. Asile uji na vilivyopondwa peke yake hadi miaka miwili. Vipande viwe vidogo na umkalie karibu asipaliwe.

2. Msikilize akilala. Akikoroma karibu kila usiku, akilala mdomo wazi, au masikio yakitoka usaha mara kwa mara, mlete achunguzwe pua na koo.

3. Kunyonya kidole si dhambi kwa mtoto mdogo. Akifika miaka 3 au 4, msaidie kuacha kwa upole. Kumpaka pilipili na kumchapa humwongezea hofu, na hofu humrudisha kidoleni.

4. Yatunze meno ya utotoni. Yanayaonyesha meno ya ukubwani mahali pa kutokea. Gego la utotoni likioza na kung'olewa mapema, meno mengine huziba nafasi. Kumbuka pia kwamba gego la kwanza la ukubwani hutokea karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utotoni, bila kung'oa lolote. Wengi hudhani ni la utotoni, wakaliacha lioze.

5. Mtoto akifika miaka 7, daktari wa meno amtazame jinsi meno yanavyokutana. Madaktari bingwa wa kunyoosha meno ni wachache na wengi wako katika miji mikubwa, lakini daktari wa meno wa hospitali ya kaunti anaweza kukuambia kama kuna haja ya kusafiri au ya kungoja tu. Matibabu haya ni ghali, na kujua mapema hukupa muda wa kujipanga.

6. Usikubali mtu yeyote amchimbe mtoto ufizi. Mwambie jirani, na mwambie nyanya pia, kwa heshima.

Basi mama anayeulizwa kosa ni la nani sasa ana jibu. Umbo la uso mtoto amelirithi kutoka pande zote mbili, na hakuna wa kushtakiwa. Pua iliyoziba, kidole kilichozoeleka, jino lililooza na ufizi uliochimbwa, hayo tunaweza kuyashughulikia mtoto akiwa bado mdogo.

 Juma lijalo tutazungumza juu ya chanjo ya surua. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Je, katika eneo letu watu husema nini juu ya meno ya plastiki, na ni nani husikilizwa zaidi juu ya jambo hilo? Je, kuna mtoto tunayemjua anayelala mdomo wazi kila usiku? Ni chakula gani cha hapa kwetu kinachomfanya mtoto wa miaka miwili atafune vizuri?